Mtamba Tuliyemuuza

Niliwahi kufuta watoto wa farasi 41 kwa usiku mmoja. Nilikuwa hosteli, mwaka wa pili chuoni, bando la usiku lilikuwa halijaisha, na zizi langu la kwenye simu lilikuwa limejaa. Mchezo wenyewe uko hivi: unapandisha dume na jike, unasubiri dakika chache, mtoto anazaliwa na namba zake pembeni. Kasi, nguvu, rangi. Nafasi za zizini ni chache na nafasi ya ziada inalipiwa, kwa hiyo unachagua. Mwenye namba kubwa anabaki. Mwenye namba ndogo unambonyeza, anatoweka.

Nayasema haya kwa sababu juzi rafiki yangu mmoja, msomi kweli, aliniambia kwamba michezo ya namna hii inatufundisha ufugaji sisi vijana tuliohama vijijini. Angalau, alisema, tunajua kuchagua mbegu. Nilimkatalia kwa sauti kubwa kuliko ilivyostahili, mezani, mbele ya watu wanaokula. Hapa nataka kukataa kwa utaratibu, ingawa hasira haijaisha.

Kwetu ni Singida vijijini, upande wa Ilongero. Farasi hatuna. Tuna punda, mnyama ambaye katika ule mchezo hayumo kabisa, ingawa ndiye aliyefugwa kwanza hapa hapa Afrika na ndiye anayetunywesha maji. Punda wa kwetu anabeba madumu manne ya lita 20, mawili kila upande. Wakati wa mavuno anabeba magunia ya alizeti. Mtoto akiugua usiku, anaburuta mkokoteni hadi barabarani.

Mwaka 2018 majike wetu wawili walizaa. Mmoja alizaa dume: mrefu, kifua kipana, miguu imenyooka, kelele zake zinasikika hadi kwa jirani wa tatu. Mwingine alizaa jike mdogo, sikio moja limelala kama jani lililokosa maji. Mwaka uliofuata ilibidi mmoja auzwe, na sababu nilikuwa mimi: ada ilikuwa imebaki nusu. Baba akanipigia simu.

"Mwanangu, wewe ndiye msomi. Nimwache yupi?"

Sikufikiri hata dakika moja. Niliona namba. Nikamwambia mwache dume, muuze yule mtamba. Nikampa na sababu: dume mmoja bora hupanda majike wengi, mbegu yake inasambaa, wakati jike anazaa mmoja mmoja. Na hesabu hiyo si ya uongo. Farasi wa mbio wa Kiingereza walioko duniani leo, kwa upande wa baba, wote wanarudi kwa madume watatu tu walioingizwa Uingereza kati ya mwisho wa karne ya 17 na katikati ya karne ya 18. Ndiyo hesabu iliyoshonwa ndani ya ule mchezo. Lakini ni hesabu ya tajiri mwenye majike mia. Baba yangu alikuwa na wawili, na mmoja alikuwa mzee.

Mtamba akauzwa. Singida iko kati ya Dodoma na Shinyanga, na miaka ile kote kuwili kulikuwa na machinjio ya punda; ngozi zilikwenda China kuchemshwa gundi ya dawa iitwayo ejiao. Mnunuzi hakusema anampeleka wapi. Baba hakuuliza. Mimi nililipa ada.

Dume alikua kama nilivyotabiri, hilo lazima nijipe. Akaanza kuuma. Akaanza kukata kamba na kuwafuata majike wa vijiji vingine, akirudi baada ya siku mbili na majeraha shingoni. Mbegu yetu ilisambaa kweli, ila katika mazizi ya watu. Mwishowe ikabidi ahasiwe ndipo akubali kubeba mzigo, na ile mbegu bora niliyoitetea kwa dakika saba za salio la baba ikaishia hapo.

Mwaka 2021 jike mzee akafa. Yule mwingine akapata vidonda vya mgongo visivyopona. Punda hukaa tumboni karibu miezi 12, karibu kila mara huja mmoja, na ukimpa mzigo mzito kabla ya kutimiza miaka mitatu unamvunja. Yule mtamba mwenye sikio lililolala angekuwa tayari kwa kazi mwaka 2022. Mwaka huo nilirudi likizo nikamkuta mama anatoka kisimani na dumu kichwani. Ana miaka 58.

Msiniambie basi kwamba ni mchezo tu, halafu hapo hapo mniambie unafundisha. Chagueni moja. Unachofundisha ni kwamba anayechagua hagharimiki. Ukikosea unazaa tena kabla chai haijapoa.

Wala sisemi wazee wetu wanachagua vizuri. Singida tunasifiwa kwa kuku wa kienyeji, matenga yanapanda mabasi kwenda Dar es Salaam, na angalia ni jogoo gani anatangulia kuingia tengani: anayekua haraka, mwenye kifua, kwa kuwa ndiye mwenye bei. Anayebaki uani kuwa baba wa vifaranga ni yule aliyedumaa. Kwa mbuzi ni vilevile. Tunauza bora, tunazalisha hafifu, kisha tunalaumu ukame. Katika hili mchezaji wa kwenye simu ana akili kutushinda, nakiri, na nakiri kwa shingo upande.

Desemba 2022 serikali ilisimamisha uchinjaji wa punda kwa miaka 10, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Afrika, wakiwa Addis Ababa, wakakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Nilishangilia. Lakini sheria inamzuia mchinjaji. Haikai sebuleni wakati baba na mwanawe wanapanga nani abaki, simu moja iko Singida, nyingine hosteli, na hakuna hata mmoja wao anayekwenda kisimani.

Likizo ile nilimuuliza mama kama yeye angemwacha yupi.

"Yule mdogo," akasema, bila kusimama kupepeta. "Alikuwa anamfuata mama yake kisimani. Watu wakipakia, anasimama kimya. Punda wa maji ni anayesimama."

"Sasa mama, mbona hukusema?"

"Mlikuwa mnaongea nyinyi."

Tulinunua jike mwingine kwa mshahara wangu wa kwanza wa kueleweka. Mwaka jana akazaa, na mwaka huu akaja mnunuzi, mfugaji wa Mtinko anayetafuta punda wa mkokoteni. Baba akapiga simu, akaanza kunieleza urefu wa miguu na upana wa kifua. Nikamwomba ampe mama simu. Alinyamaza kidogo, nikasikia hatua zake, na mlango wa jikoni.

"Wanataka kujua nini?" mama akauliza.