Afya mu Jamaa: Chombo gani cha mazoezi kwa nyumba ya vyumba viwili?



Hapa Panda, na hata Kikula na Shituru, kuna swali ambalo wazee wanauliza mara nyingi: «Munganga aliniambia nifanye mazoezi juu ya tensio. Lakini nyumba yetu iko kidogo, batoto beko bengi. Nitwae chombo gani?» Ni swali la maana, tulijibu polepole.

Nyumba za kampi zilijengwa wakati wa Union Minière, iliyogeuka baadaye kuwa Gécamines. Zilikuwa za mtu anayerudi toka kiwandani na mwili umekwisha choka. Mazoezi alikuwa ameyafanya kutwa: kubeba, kusukuma, kupanda ngazi. Kisha kazi ikaanguka. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango ulioitwa «départs volontaires». Mwili uliozoea kuvuta chuma miaka 30 ukaanza kukaa juu ya kiti tangu asubuhi. Mikono inalegea, tumbo linakuja mbele, kiisha tensio na sukari zinabisha hodi. Sababu hiyo, mazoezi si mchezo wa matajiri. Ni dawa ya baba wa jamaa.

Mwili unaomba nini?

Mwaka 2020 Shirika la Afya la Dunia (OMS) lilieleza hivi: mtu mzima atembee kwa nguvu ao afanye kazi ya namna hiyo walau dakika 150 kwa juma. Ni dakika 30 kwa siku tano. Tena, siku mbili kwa juma atumikishe misuli yake. Mwenye miaka 65 na zaidi aongeze mazoezi ya kusimama imara, asianguke ovyo.

Tuangalie vizuri. Zile dakika 150 hazihitaji chombo, miguu inatosha. Basi mashini ya kukimbilia pahali pamoja, yenye kula umeme na kukamata nafasi ya godoro, hatuihitaji. Umeme ukikatika inalala, na mwisho inakuwa pa kuanikia nguo. Chombo tunachotafuta ni cha kutia misuli nguvu, basi.

Namna ya kuchagua

Kabla ya kutoa makuta, ujiulize mambo manne:

1. Je, kinakamata pahali pa mtu? Tandika mkeka mmoja mu chumba, lala, nyoosha mikono. Pahali hapo panatosha. Chombo kinachofukuza mtoto pa kulala kwake hakifai.
2. Je, kinaweza kuingia chini ya kitanda, ao kutundikwa ku musumari?
3. Je, kinaweza kumwangukia mtoto?
4. Je, baba, mama na kijana wote wanaweza kukitumia?

Vyombo vinavyopita mtihani huo ni vya bei ndogo.

Mpira wa ndani wa kinga. Ule uliotoboka, fundi wa kinga anaweza kukupa kwa makuta kidogo. Ukate, uuoshe na sabuni. Kaa chini, miguu imenyooka, pitisha mpira chini ya nyayo, vuta na mikono miwili kama mwenye kupiga kasia. Mara 10, pumzika, rudilia. Angalia kwanza kama hauna nyufa, maana ukikatika unapiga macho. Usiufunge ku mlango ambao mtoto anaweza kufungua.

Chupa mbili za litre moja na nusu. Zikijaa maji, kila moja ina kilo moja na nusu. Zikijaa mchanga mkavu, zinapita kilo mbili. Mwanzo unatosha.

Kiti kizito. Kiegemeze ku ukuta. Keti, simama bila kujisaidia na mikono, keti tena, mara 10. Kwa mzee, zoezi hili linalinda magoti na mapaja, yaani linamlinda na aibu ya kuinuliwa na wajukuu.

Ukuta wenyewe. Simama mbali kidogo, weka viganja ku ukuta, kunja viwiko, jisukume nyuma. Hapo hakuna cha kununua.

Wenye kufikiri kwamba hivyo ni vitu vya maskini wakumbuke jeshi la anga la Kanada. Miaka ya 1950, juu ya askari waliokaa mbali, pasipo vyombo vya michezo, walitengeneza mazoezi matano ya dakika 11 kwa siku, bila chombo hata kimoja. Yalienea katika inchi nyingi.

Mangalisho makubwa

Sisi ni watu wa migodi, chuma na mawe vimetuzunguka. Lakini usilete jiwe la mgodi nyumbani kuwa uzito wa mazoezi. Mwaka 2009 waganga wa Université de Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba Katanga, watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda wana kobalti nyingi mu mkojo wao, hata wasiochimba. Mchanga wa chupa usitoke ku mabaki ya kiwanda. Na mawe mazito ya Shinkolobwe, ambako kulichimbwa uranium, yasikanyage kizingiti chako hata siku moja! Bidoni iliyobeba acide nayo, acha kabisa. Kabla ya kulala chini kufanya mazoezi, pangusa sakafu na kitambaa chenye maji, juu ya mavumbi.

Aliyefanya kazi mu mavumbi miaka mingi na anakohoa, ao anayeumwa kifua akitembea, amwone munganga kwanza. Wakati wa kuinua, usizuie pumzi. Mwenye tensio anaweza kupata hatari.

Na mama?

Hapa baba atuvumilie kidogo. Bidoni ya litre 20 ikijaa ina kilo 20 na zaidi. Mama anaibeba kila siku, pengine mara tatu, mara ine, kiisha anatwanga, anafua, anasonga bukari. Misuli yake imekwisha kazi. Anachohitaji ni mkeka, na dakika kumi za kulala chali, kuvuta magoti ku kifua, kunyoosha mgongo, bila mtu kumwita.

Sasa, baba, unatafuta uzito wa kuinua? Uko pale karibu na mlango, rangi ya njano. Anza na bidoni mbili za litre tano, moja kila mkono, mgongo wima, ukiinua kunja magoti. Nguvu zikirudi, ongeza. Majirani watacheka juma la kwanza. Juma la tatu watazoea, na pengine mmoja atakufuata.

Mtume Paulo alimkumbusha Timoteo kwamba utaua unapita mazoezi ya mwili. Lakini mwanaume anayemtua mke wake mzigo, amefanya yote mawili kwa safari moja ya bomba.

Mungu awape nguvu mu nyumba zenu.