Krimu Ikikubabua, Fomu Iitaje Krimu

Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, sisi tunazungumzia malipo tu. Mimi leo nataka tuangalie kile kinachoandikwa kwenye fomu.

Mara nyingi nimeona mtu aliyebabuliwa na krimu akiandikiwa "ugonjwa wa ngozi", basi. Krimu yenyewe haitajwi.

Kila maradhi yana namba katika orodha ya Shirika la Afya Duniani, ICD. Katika toleo la 10, L30.9 ni mwasho na uvimbe wa ngozi usiobainishwa aina. Lakini ngozi ikidhuriwa na dawa ya kupaka, namba zake zipo: L23.3 ikiwa ni aleji, L24.4 ikiwa dawa imeichoma ngozi, na L25.1 ikiwa haijajulikana ni ipi kati ya hizo mbili. Dawa ya kumeza ikienea vipele mwilini, hiyo ni L27.0. Juu ya zile namba tatu za dawa ya kupaka huongezwa Y56, kuonyesha kuwa madhara yametokana na dawa ya kupaka.

Kwa nini tujali? Kwa sababu namba ndizo zinazohesabiwa. Wote wakiandikwa L30.9, hesabu itasema Pwani kuna upele, na krimu itabaki dukani ikimngoja bibi harusi mwengine.

Rai yangu: daktari aulize "umepaka nini?" kabla ya kushika kalamu, kisha aiarifu Bodi ya Dawa na Sumu. Hata mgonjwa mwenyewe anaweza kuripoti. Nasi twende na kopo lenyewe, tusione haya. Mficha uchi hazai.