Kocha, huyu kijana alipumzika lini?

Ukiniona nikishuka matatu pale Makutano, Meru, utadhani nina miaka sitini. Nina 24. Goti langu la kushoto liliisha nikiwa kidato cha tatu, na si eti kuna mtu alinichezea rafu. Liliisha kwa mazoezi.

Wacha nikupigie hesabu ya wiki moja ya kijana wa miaka 15, shule ya kutwa, hapa Meru ama kule Embu. Najua unamjua mmoja kama yeye. Asubuhi mara tatu anakimbia dakika 45. Jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, masaa mawili na timu ya shule. Jumamosi ni timu ya mtaa, mechi mbili za kombe la mwanasiasa fulani, masaa mawili. Jumapili akademia, mawili tena. Jumla masaa 16 na robo.

Sasa, mwaka wa 2015 daktari mmoja wa Marekani, Neeru Jayanthi, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu vijana wanamichezo zaidi ya 1,000. Wale ambao masaa yao ya michezo kwa wiki yalizidi miaka yao ndio walionekana kuwa na majeraha mabaya zaidi ya kuchosha mwili. Miaka 15, masaa 15. Huyu wetu ashapita, na bado hatujahesabu kahawa. Mtoto wa Manyatta ama Runyenjes msimu ukifika anachuma tangu alfajiri, anabeba gunia hadi faktori, halafu dakika ya sitini anaitwa mvivu.

Shida ni kwamba makocha ni watatu na hawaongei. Kila mmoja anaona masaa yake tu. Wa akademia hajui Ijumaa kulikuwa na nini, na mwalimu wa michezo Jumatatu hataki kujua.

Mwili unaokua una sehemu laini kwenye ncha za mifupa, pale mfupa unaporefukia. Msuli wa paja ukivuta chini ya goti kila siku, panavimba, panauma, kinatokea kinundu. Madaktari wanaita Osgood-Schlatter. Sisi tuliita uvivu. Kwa wengi huisha, mradi wapunguziwe kazi. Mimi nilipakwa mafuta ya kuchua, nikafungwa bendeji, nikaambiwa hii ni mechi ya kaunti, vumilia. Nikavumilia mechi nne kwa siku nne.

Najua utasema Wakenya ni wagumu, angalia wakimbiaji wetu. Waangalie kweli basi. Kule Iten na Kaptagat kuna siku za kukimbia polepole hadi unashangaa kama hao ndio wale wa kwenye runinga. Ama mwangalie Pedri wa Barcelona. Msimu wa 2020-21, akiwa kijana wa miaka 18, alicheza mechi zaidi ya 70 ukiweka Euro na Olimpiki ya Tokyo. Msimu uliofuata paja likakataa. Na huyo ana madaktari kila kona.

Sisi hatuna mashine, sawa. Lakini daftari liko. Kuna njia ya Mmarekani mwingine, Carl Foster: baada ya mazoezi muulize kijana yalikuwa magumu kiasi gani, kutoka 1 hadi 10, kisha zidisha kwa dakika. Dakika 90 kwa 6 ni 540. Jumlisha wiki nzima. Kama wiki jana ilikuwa 1,500, usiruke hadi 3,000 wiki hii kwa sababu shule zimefunguliwa na mashindano yamekaribia. Na siku moja kwa wiki asiguse mpira kabisa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na hesabu hii ni ya darasa la tano.

Madaraka Dei ilipokuja Kinoru 2018 na Embu 2023, tulitengenezewa viwanja, tukashangilia. Hakuna aliyeuliza magoti yatakayocheza humo yanatunzwa na nani.

Mdogo wangu ana miaka 14. Jumapili nilimficha viatu. Hajaniongelesha mpaka leo, na kocha wake amenipigia simu mara mbili. Ya tatu nitashika. Hesabu nishaiandika: masaa 17.