Gari Kuukuu na Mpando wa Bugarama

Mji wa Bujumbura umekaa kando ya Ziwa Tanganyika, katika kimo cha mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukiishika Barabara ya Taifa Namba 1, katika mwendo wa kilomita zipatazo 35 tu utafika Bugarama, nawe utakuwa umekwisha kupita mita 2,000. Mpando huo ndio mtihani wa magari yetu makuukuu, ya Peugeot 404 na ya Toyota za zamani. Nayo hushindwa siku ile ile ambayo jamaa wote wamo ndani, wakienda arusini au msibani.

Watu husema injini imezeeka. Mara nyingi imesingiziwa. Katika kimo cha mita 2,000 maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, na si 97 kama huku ziwani. Ndani ya rejeta kinachoyazuia yasichemke mapema ni kifuniko, kwa kuwa kinafungia mgandamizo. Mpira wake ukilegea, maji huchemka na kumwagika. Basi kabla ya kumlipa fundi pampu mpya, nunua kifuniko kipya.

Mshale wa joto ukianza kupanda, jitenge na lori linalojikokota mbele yako, maana linakuzibia upepo. Washa hita hadi mwisho, hata abiria wakinung'unika: hiyo ni rejeta ndogo ya pili. Mshale ukizidi kupanda, egesha pembeni, zima injini, na uweke mawe nyuma ya magurudumu.

Hapo ndipo penye hatari. Usikifungue kifuniko! Maji yaliyofungiwa yamepita joto la kuchemka. Mgandamizo ukitoka, hugeuka mvuke kwa ghafla na kumrukia usoni aliyeinama, pamoja na mtoto aliyekuja kuchungulia. Wapeleke watoto mbali. Ngoja nusu saa au zaidi, hadi bomba la mpira la juu lishikike kwa mkono. Kisha funika kifuniko kwa kitambaa kizito, ukizungushe polepole. Wala usimimine maji baridi katika injini ya moto, kwani kichwa cha silinda chaweza kupasuka.

Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, ndipo apelekwe hospitali. Asipakwe mawese, wala siagi, wala dawa ya meno.

Kuhusu maji ya kujazia, ya ziwa yana madini mengi yanayoganda katika vijibomba vya rejeta. Afadhali ya mvua, na bora zaidi ni yale yenye dawa ya kuzuia kutu.

Mwenye Volkswagen ya kobe asicheke. Gari lake halina maji, bali feni yake huzungushwa na mkanda ule ule wa dainamo. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka njiani, asimame papo hapo, autazame mkanda. Na wa akiba uwemo garini daima.