Ukuta Mweusi wa Bafuni



Baada ya darsa ya akina mama hapa Oldonyo Sambu, mama mmoja aliniuliza iwapo udhu wake unasihi akitawadha katika bafu ambalo kuta zake zimeota ukungu mweusi. Kwa wiki kadhaa amekuwa akienda kutawadha kwa jirani. Jibu la twahara ni fupi: ukungu si najisi, na maji yanayogusa ukuta huo hayanajisiki kwa sababu yake. Lakini katika mazungumzo alitaja pia kwamba mwanawe mwenye pumu hukohoa sana usiku, na chumba chake kimepakana na bafu hilo. Hili ndilo lililostahili kuulizwa kwanza. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu majumbani, likaeleza kuwa wakazi wa nyumba za namna hiyo hupatwa zaidi na pumu na maradhi mengine ya kupumua.

Huenda msomaji wa Tanga au Unguja akashangaa kusikia habari za ukungu huku kwetu. Oldonyo Sambu iko upande mkavu wa Mlima Meru, kwenye barabara ya Arusha kwenda Namanga. Mvua nyingi huishia upande wa kusini na mashariki wa mlima. Sisi hubakiziwa upepo na vumbi. Basi unyevu watoka wapi? Twauzalisha wenyewe. Baridi ya Juni na Julai hutufanya tuoge maji ya moto, na upepo hutufanya tuzibe dirisha la bafu kwa gunia au nailoni. Mvuke hukosa njia, hugusa ukuta wa baridi na kugeuka matone. Na kwa kuwa maji ni ya shida, twaweka pipa humo humo, mara nyingi bila mfuniko. Kuvu haihitaji zaidi ya hapo.

Anayetaka kuuondoa afungue kwanza mlango na dirisha, awaweke watoto mbali, avae glovu na kujifunga kitambaa puani. Ukungu usiparuzwe ukiwa mkavu, kwani chembe zake hupeperuka. Uloweshwe kwa maji ya sabuni, usuguliwe kwa brashi, kisha ukuta ufutwe. Baada ya hapo hupakwa dawa ya klorini, mfano Jik, kipimo kimoja kwa vipimo kumi vya maji, ikaachwa robo saa na kusuuzwa. Asiyependa harufu yake atumie siki nyeupe, aiache saa nzima kabla ya kusugua.

Hapa naomba tusikilizane. Jik isichanganywe kamwe na siki, wala na dawa ya choo yenye asidi, wala na dawa yenye amonia. Gesi inayotoka huunguza mapafu, na bafu dogo lililozibwa ndilo mahali pabaya kabisa pa kuivuta. Wapo wanaoamini kwamba dawa mbili zina nguvu kuliko moja. Katika jambo hili imani hiyo yaweza kuua.

Kupaka rangi ya mafuta juu ya ukungu ni kuusitiri tu. Haipiti muda rangi hubambuka. Chokaa ya wazee wetu ni afadhali, ukuta ukishakauka, kwa kuwa hupitisha unyevu na kuvu haistawi juu yake kwa urahisi.

Hata hivyo, dawa zote hizi ni kazi bure ikiwa mvuke hauna pa kutokea. Futa ukuta kwa kitambaa baada ya kuoga, funika pipa, anika taulo nje, na fungua dirisha mchana jua likiwa kali. Bora zaidi ni kutoboa matundu mawili juu, chini ya paa, na kuyawekea wavu wa mbu. Hutoa mvuke bila kumpulizia baridi anayeoga. Na wenye nyumba za kupangisha wasimwachie mpangaji brashi na lawama. Tundu la ukutani ni kazi ya mwenye ukuta.