Karata Zilizotupwa



Juma hili nimeletewa swali ambalo sikulitarajia. Kijana mmoja aliyelelewa parokiani kwetu, ambaye sasa anafanya kazi Marekani, huketi na wenzake kila Jumamosi jioni kucheza poka ya mtindo wa Texas. Siku moja, akiwa wa kwanza kuamua, aligawiwa karata ya 10 na karata ya 2, za alama tofauti, akazitupa. Karata za mezani zilipofunuliwa, zikawa 10, 10 na 2. Wenzake walimcheka usiku kucha. “Padre,” anauliza, “je, nilikosea?”

Hakukosea hata kidogo. Ningependa kueleza sababu, kwa kuwa kosa la wale waliomcheka limeenea mbali kupita meza ya karata.

Mimi mwenyewe nilijifunza karata seminarini, bila senti moja mezani, hivyo poka imenibidi niisome kama mwanafunzi. Katika mtindo huo kila mchezaji hupewa karata 2 za siri. Baadaye hufunuliwa karata 5 za wote: tatu kwa pamoja, kisha moja, kisha moja. Uamuzi mzito kuliko yote huja kabla hata moja ya hizo haijaonekana, yaani kutoa fedha na kubaki, au kutupa karata na kutazama wengine wakicheza. Pakiti ya karata 52 hutoa michanganyiko 1,326 ya karata mbili mbili. Ukiihesabu pamoja ile yenye thamani sawa, zinabaki aina 169. Iliyo bora kuliko zote ni ree mbili, nayo huja kwa wastani mara 1 katika 221. Hata hiyo haina ahadi. Mbele ya mpinzani mmoja mwenye karata zozote hushinda takriban mara 85 katika 100. Mbele ya wapinzani tisa wasiotupa karata zao mpaka mwisho, haifikii theluthi.

Je, basi mwenye busara aketi akingoja ree mbili tu? La. Kila karata zinapogawiwa, wachezaji wawili hulazimika kuweka dau kabla ya kuona chochote, na zamu hiyo huzunguka meza. Kwa mwendo wa migao 30 kwa saa, migao 221 ni zaidi ya saa saba. Anayengoja hivyo ataliwa polepole na dau la lazima. Wachezaji hodari, wakiwa tisa au kumi mezani, aghalabu hucheza mara 15 hadi 20 katika 100. Tena huchagua kwa kuangalia kiti. Anayeamua wa kwanza hajui wenzake wana nini. Anayeamua wa mwisho amekwisha kuwaona wote wakisita au wakithubutu. Kwa hiyo mfalme na 10 wanaostahili kutupwa katika kiti cha kwanza wanaweza kuchezwa vema katika kiti cha mwisho, ikiwa waliotangulia wote wametupa zao.

Waliomcheka kijana wetu yamkini walikuwa wamesikia habari za Doyle Brunson, mzaliwa wa Texas aliyefariki mwaka 2023. Mwaka 1976, na tena mwaka 1977, alitwaa ubingwa wa mashindano makuu ya poka mjini Las Vegas, na mara zote mbili karata zake za mwisho zilikuwa 10 na 2. Hadi leo mchanganyiko huo huitwa kwa jina lake. Lakini wanaosimulia kisa hicho husahau mambo mawili. Kwanza, alikuwa amebaki na mpinzani mmoja tu, na wawili wanapobaki dau la lazima halimpi mtu nafasi ya kungoja. Hulazimika kucheza karata ambazo mbele ya watu tisa angezitupa bila kufikiri. Pili, karata tatu za kwanza zilipofunuliwa, miaka yote miwili yeye ndiye aliyekuwa nyuma. Mwaka 1976 aliokolewa na karata ya mwisho kabisa. Watu wamehifadhi jina la karata mbili zilizoshinda; maelfu alizozitupa maishani mwake hazikupewa jina.

Uamuzi hupimwa kwa yale mtu aliyoyajua alipouamua. Mkulima asiyepanda kabla ya mvua hakukosea eti kwa sababu jirani yake aliyepanda mapema alibahatika. Kijana huyu aliamua wa kwanza, akiwa na karata dhaifu, mbele ya watu wanane. Akipewa tena 10 na 2 katika kiti kile, azitupe tena.

Ila katika barua yake lipo jambo lililonishughulisha kuliko karata. Anasema kwamba baada ya kuchekwa aliona aibu kutupa tena, akacheza karibu kila alichogawiwa hadi usiku wa manane, “kwa kuwa fedha nyingi ilikuwa imeshaingia mezani.” Fedha iliyokwisha kuingia mezani si yako tena, kuifuata kwa fedha nyingine ndiko kulikomaliza wengi.

Katekisimu, namba 2413, haiuhesabu mchezo wa bahati kuwa dhuluma kwa wenyewe. Inaukataa pale unapomnyang’anya mtu kile anachohitaji kwa riziki yake na ya wengine. Kijana huyu humtumia mama yake fedha kila mwezi. Nimemwandikia jana nikimuuliza kama mwezi huu amezituma, na kama zile za Jumamosi zilitoka humo. Bado nangoja jibu lake.