Ushiriki wa Umma Utangulie Mkataba

Madini yana sifa moja inayoyatenga na mazao ya shambani, misitu na samaki: yakishachimbwa na kuuzwa hayaoti tena, na kwa hiyo kosa linalofanyika wakati wa kutoa leseni au kutia saini mkataba halisahihishwi msimu unaofuata. Kwa sababu hiyo, ushiriki wa umma katika sekta ya madini, yaani haki ya wananchi kupewa taarifa mapema, kusikilizwa, na maoni yao kupimwa kabla ya uamuzi kufikiwa, hauwezi kuchukuliwa kuwa hisani ya mwekezaji wala ya kiongozi. Hoja inayoshikiliwa na toleo hili ni kwamba Tanzania imepiga hatua za kweli katika kuwafahamisha wananchi kile ambacho kimekwisha kulipwa, lakini ingali nyuma katika kuwashirikisha kwenye kile kinachokusudiwa kufanywa.

Historia ya karibu inathibitisha jambo hilo. Mkataba wa mgodi wa Buzwagi, wilayani Kahama, ulitiwa saini London Februari 2007, na Watanzania wengi waliusikia kwa mara ya kwanza ulipozua mjadala mkali bungeni, mjadala uliofikia hatua ya mbunge Zitto Kabwe kusimamishwa Agosti mwaka huohuo. Malalamiko yaliyofuata yalizaa kamati iliyoongozwa na Jaji Mark Bomani, ambayo ilikabidhi ripoti yake mwaka 2008, na baada yake ikaja Sheria ya Madini ya mwaka 2010 iliyopandisha mrabaha wa dhahabu, yaani malipo anayotozwa mchimbaji kwa kutwaa mali ya taifa, kutoka asilimia 3 hadi 4. Mwaka 2017, kufuatia uchunguzi wa makinikia, yaani mchanga wenye madini uliokuwa ukisafirishwa nje kuyeyushwa, mrabaha huo ulifika asilimia 6, na serikali ikapata haki ya hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa bila kuzilipia mtaji. Mageuzi hayo yana uzito mkubwa, lakini mara zote sauti ya umma ilikuja baada ya saini, kwa njia ya manung'uniko na tume za uchunguzi. Na hata miswada ya mwaka 2017, iliyokusudiwa kumrudishia mwananchi mamlaka juu ya maliasili yake, ilipelekwa bungeni kwa hati ya dharura, utaratibu unaowaachia wadau muda mfupi mno wa kuisoma na kuitolea maoni.

Upande wa uwazi wa malipo, nchi ina msingi wa kujivunia. Mwaka 2009 Tanzania ilijiunga na EITI, mpango wa kimataifa unaozitaka kampuni zitangaze zilicholipa na serikali itangaze ilichopokea, kisha mtaalamu huru alinganishe hesabu za pande zote mbili na kueleza tofauti zilizopo. Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji ya mwaka 2015 iliufanya utaratibu huo kuwa wajibu wa kisheria, na ikaagiza pia mikataba na leseni ziwekwe wazi kwa wananchi. Hata hivyo, ripoti ya namna hii huzungumza kwa hesabu za taifa zima, ilhali vumbi, mitikisiko ya baruti na uhamisho wa makazi humfika mtu kijijini kwake, naye anapotaka kujua shule au zahanati yake imepata nini, jumla ya mabilioni ya taifa haimpi jibu.

Ni katika ngazi hiyo ya chini ambako ushiriki unaweza kupata meno. Ushuru wa huduma, ambao kampuni huilipa halmashauri kutokana na mauzo yake, kwa miaka mingi umetozwa kwa kiwango kisichozidi asilimia 0.3, maana yake hadi shilingi milioni 3 kwa kila shilingi bilioni 1 ya mauzo. Vilevile, Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri juu yake. Fedha hizo zinapopangiwa matumizi katika kikao cha wachache, matokeo huweza kuwa madarasa yasiyo na walimu au visima mahali ambapo hapana uhaba wa maji. Sheria za serikali za mitaa tayari zimeweka mkutano mkuu wa kijiji, unaowakutanisha wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na unaopaswa kufanyika kila baada ya miezi 3. Hapo ndipo orodha ya miradi ingeanzia, na hapohapo ndipo hesabu yake ingerudishwa, ikiwa imebandikwa pia kwenye ubao wa matangazo kwa lugha inayosomeka na kila mkazi.

Wanaodai kwamba mambo ya madini ni mazito mno kwa mwananchi wa kawaida wanapaswa kuyatazama machimbo ya wachimbaji wadogo mkoani Geita. Mawe yenye dhahabu yanapotolewa kwenye duara, yaani shimo lenye mmiliki wake, mifuko hupangwa chini na kugawanywa kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji kwa uwiano uliokubaliwa, kila upande ukihesabu kwa macho yake kabla ya mzigo kupelekwa kwenye karasha kusagwa. Desturi hiyo haimalizi udanganyifu, wala haiwalindi wachimbaji dhidi ya zebaki na mashimo yanayobomoka, lakini inaonyesha kwamba watu wa machimboni wanaelewa vizuri mgawanyo wa haki ni nini na kwa nini hesabu hufanywa hadharani.

Uhitaji wa ushiriki ni mkubwa zaidi katika masuala ya mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kwa mazingira, yaani uchunguzi unaofanywa kabla ya mradi ili kubainisha madhara yake na namna ya kuyazuia, na inatambua haki ya wananchi kutoa maoni. Lakini mwananchi anayepewa ripoti nene ya Kiingereza siku chache kabla ya mkutano hakushirikishwa, amehudhuria tu. Maji machafu ya mgodi wa North Mara yalipoingia Mto Tighite mwaka 2009, wakazi wa Tarime walibaki na hofu juu ya mto walioutegemea kwa kunywa na kunyweshea mifugo, na hofu kama hiyo haitulizwi na taarifa ya wataalamu ambao wakazi hawajawahi kuwaona wakichukua sampuli.

Wapo wanaohofu kwamba mashauriano huchelewesha mitaji na kufichua siri za biashara. Hofu hiyo isipuuzwe, lakini mgodi unaozungukwa na jamii yenye kinyongo hulipia ucheleweshaji huo baadaye kwa uvamizi, ulinzi wa gharama kubwa na kesi zisizokwisha. Na kuhusu siri, kanuni za EITI zinazitaka nchi wanachama zichapishe mikataba inayotolewa au kurekebishwa tangu mwanzoni mwa 2021. Wala mgawo wa fedha pekee hauzibi nafasi ya ushiriki. Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 iliwatengea wananchi wa maeneo ya machimbo asilimia 10 ya mrabaha, lakini wakazi wa Kwale waliusubiri mgawo huo kwa miaka, huku madini ya titani yakiendelea kusafirishwa.

Makala za toleo hili zinautazama mgodi tangu utafiti hadi kufungwa, na zote zinaelekea kwenye madai matatu: rasimu za mikataba zijadiliwe bungeni kwa muda wa kutosha kabla ya saini, muhtasari wa Kiswahili wa mikataba na tathmini za mazingira ufike vijijini mapema, na wakazi wachague wawakilishi wao wa kushuhudia upimaji wa maji na kukagua mpango wa kufunga mgodi. Serikali sasa ni mwanahisa kwa niaba ya wananchi, na mwanahisa asiyeruhusiwa kuuliza kabla ya uamuzi hana umiliki wa maana.